Kuficha na Kufunga: Historia ya Njia Mbili za Kulinda Siri na Maana Yake kwa Usalama wa Programu, kwa Mfano wa Gereji za Gatsata, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya njia mbili za kulinda siri: kuficha, yaani kuuzuia ujumbe usijulikane kuwa upo, na kufunga, yaani kuuacha ujumbe uonekane huku maana yake ikizuiwa kwa ufunguo. Njia ya kwanza huitwa steganografia na ya pili kriptografia. Mifano imetolewa katika pwani ya Waswahili, baraza la wafalme wa Rwanda, Mombasa ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mifumo ya kielektroniki ya magari yanayohudumiwa katika gereji kama zile za Gatsata, Kigali. Makala yanaonyesha kwamba kuficha hukoma kufaa siku siri inapogunduliwa, ilhali kufunga huweza kudumu hata baada ya mbinu kujulikana, mradi ufunguo uhifadhiwe vema na uweze kubadilishwa. Yanadai pia kwamba istilahi ya Kiswahili "usimbaji fiche" imeunganisha mambo mawili ambayo mnunuzi wa programu na mtunga sera wanapaswa kuyatenganisha.

1.0 Utangulizi

Anayetoka Nyabugogo kuelekea kaskazini, kwa barabara ya Byumba na mpaka wa Gatuna, hupita Gatsata, sekta ya Wilaya ya Gasabo katika Jiji la Kigali. Kwa miaka mingi jina la mahali hapa limeambatana na gereji na maduka ya spea za magari. Kiswahili nacho kina makazi ya zamani katika kazi hiyo, kwa kuwa madereva, mafundi na wafanyabiashara wa Rwanda walikitumia muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kwa hiyo mtafiti wa lugha anayetaka kujua jinsi dhana mpya za usalama zinavyopata maneno hana haja ya kuanzia katika vyumba vya mikutano. Anaweza kuanzia mahali ambapo gari limefunguliwa boneti.

Gari la kisasa ni mashine inayoendeshwa na programu. Kompyuta ndogo kadhaa husimamia injini, breki, milango na ufunguo. Hata hivyo, mwenye gari anayeogopa wezi ana njia mbili mbele yake, na moja ni ya kizamani kabisa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki fundi huombwa aweke swichi ya siri, chini ya kiti au nyuma ya dashibodi, inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Mwizi asiyejua swichi ilipo hawezi kuondoka na gari. Njia ya pili imewekwa na kiwanda: chipu iliyomo katika kichwa cha ufunguo huulizwa swali na kompyuta ya gari, nayo hulijibu kwa hesabu inayotegemea namba ya siri ambayo pande zote mbili zinayo. Jibu likikosewa, injini haiwaki.

Swichi inategemea kutojulikana mahali ilipo. Chipu inapaswa kutegemea ufunguo, hata kama kila mtu anajua kwamba ipo na inavyofanya kazi. Tofauti hii ndiyo tofauti ya steganografia na kriptografia. Swali linalowakabili wanaonunua na kusimamia programu katika kanda hii, yaani benki, hospitali, wizara na mamlaka za kodi, ni lilelile la mwenye gari: ulinzi tunaoulipia unategemea nini?

2.0 Neno "Fiche" na Utata Wake

Istilahi iliyoenea katika programu za simu na kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili ni "usimbaji fiche". Kusimba ni kugeuza maandishi kuwa msimbo, na kinyume chake ni kusimbua. "Fiche" linatokana na kitenzi ficha. Msomaji wa kawaida anapokutana na istilahi hii, neno la pili humfikia kwa uwazi kuliko la kwanza, kwa sababu kila mtu amewahi kuficha kitu, lakini ni wachache waliowahi kusimba. Hivyo huondoka na picha ya kitu kilichowekwa mafichoni, wakati ukweli ni kwamba data iliyosimbwa inaweza kulala wazi mbele ya adui, akaiona, akainakili na akakaa nayo miaka mingi bila kuielewa.

Utata huu si wa Kiswahili peke yake. Neno la Kigiriki kryptos lenyewe lina maana ya kilichofichwa, na steganos ni kilichofunikwa. Kwa asili yake, basi, majina yote mawili yanazungumzia kuficha. Lugha za Ulaya zilikopa pia neno la Kiarabu sifr, ambalo kwetu limebaki kuwa sifuri, zikalitumia hatimaye kuitia msimbo wa siri. Kwa hiyo neno ambalo mtoto wa shule wa Kigali, Dodoma au Lamu hulitumia kwa tarakimu tupu lina ndugu yake katika vitabu vya majasusi wa Ulaya.

Kiswahili kina akiba ya kutosha ya kutenganisha dhana hizi. Kina siri, kitu chenyewe kisichotakiwa kujulikana. Kina sitiri, kukifunika kitu kisionekane, neno ambalo limezaa stara na lenye heshima yake katika maisha ya watu. Kina kufunga, kufungua na ufunguo. Na kina fumbo, ambalo linastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

3.0 Historia ya Kuficha

Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia jinsi Histiaeus alivyomnyoa mtumwa wake kichwa, akamchanja ujumbe kwenye ngozi, akasubiri nywele ziote, kisha akamtuma. Ujumbe wenyewe haukuwa na kinga yoyote zaidi ya nywele. Mlinzi ambaye angefikiri kumnyoa mjumbe angeyasoma yote. Mwishoni mwa karne ya 15, abate wa Kijerumani Johannes Trithemius aliandika kitabu alichokiita Steganographia, ambacho kwa nje kilionekana kuzungumzia mizimu inayopeleka habari mbali. Kilichapishwa mwaka 1606, na mwaka 1609 Kanisa Katoliki likakiweka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Sehemu yake ya tatu iliendelea kuaminiwa na wengi kuwa ni uchawi mtupu hadi miaka ya 1990, wataalamu walipoonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na misimbo ya kawaida. Maficho hayo yalidumu karibu miaka 500, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: mwandishi alidhaniwa mchawi na kitabu kikapigwa marufuku kwa kosa ambalo hakikulitenda.

Katika pwani ya Waswahili, fumbo lilifanya kazi iliyo karibu na hiyo. Shairi au usemi wa fumbo una maana ya juu ambayo kila msikilizaji anaipata, na maana ya ndani iliyokusudiwa kwa wachache. Asiyehusika husikia habari za mnyama, chombo au mti, akaridhika, asijue kwamba kuna jambo jingine lililopita. Huo ni usitiri kamili, kwa kuwa kinacholindwa ni kule kuwepo kwa ujumbe wa pili. Lakini methali imeeleza mpaka wa ulinzi huo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Fumbo halina ufunguo wa kubadilisha. Likishang'amuliwa mara moja, limeng'amuliwa kwa wote na kwa siku zote.

Pwani ilikuwa pia na kinyume, lugha ya faragha inayotajwa katika kamusi za zamani za Kiswahili, ambamo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. Gari likawa riga, na wapi ikawa piwa. Kinyume si usitiri, kwa sababu anayesikiliza anatambua mara moja kwamba anafichwa jambo. Ni msimbo, ila ni msimbo usio na ufunguo: kanuni yenyewe ndiyo siri yote. Mtoto mmoja akiwafundisha jirani zake kanuni hiyo, mtaa mzima unasikia. Kinyume kinatufundisha kwamba mstari unaohitajika hauko tu kati ya kuficha ujumbe na kusimba ujumbe. Hata ndani ya usimbaji wenyewe, anayetegemea kufichwa kwa kanuni amerudi upande wa kuficha bila kujua.

Rwanda inatoa mfano mzito zaidi. Ubwiru ulikuwa mkusanyiko wa kanuni za ibada za kifalme uliohifadhiwa kwa kukaririwa na wataalamu walioitwa abiru. Raia walijua kwamba ubwiru upo, hawakujua yaliyomo. Maandishi hayo ya kukariri, yaliyoitwa inzira, yaligawanywa miongoni mwa abiru, kila mmoja akabeba sehemu yake. Nguvu ya utaratibu huo ilionekana Julai 1959. Mfalme Mutara III Rudahigwa alipofariki ghafla, abiru walimtangaza Kigeli V Ndahindurwa kuwa mrithi mbele ya kaburi lake huko Mwima, Nyanza, na utawala wa Kibelgiji ukakuta jambo limekwisha. Kwa miaka mingi siri iliyogawanywa na kulindwa kwa kiapo ilikuwa imewashinda watawala waliokuwa na faili, polisi na wapelelezi.

Lakini tangu miaka ya 1940 Alexis Kagame alikuwa amekwisha kuandika sehemu za ubwiru, na mwaka 1964 Marcel d'Hertefelt na André Coupez wakachapisha matini zake. Tangu hapo haukuwa siri tena na usingeweza kufanywa siri upya, kwa maana siri na kitu kilicholindwa vilikuwa ni kimoja. Kugawa siri kwa watu wengi kulipunguza hatari ya msaliti mmoja. Hakukutoa njia ya kupona baada ya siri kutoka.

4.0 Historia ya Kufunga

Kufunga nako kuna historia ya kushindwa. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad alieleza jinsi ya kuvunja msimbo kwa kuhesabu ni herufi zipi hujitokeza mara nyingi na kuzilinganisha na mazoea ya lugha. Tangu wakati huo, kubadilisha herufi moja kwa nyingine hakukuwa tena ulinzi mbele ya msomi mwenye subira. Makufuli mengi yaliyobuniwa baadaye yalipata wavunjaji wao, na wavunjaji hao wakawalazimisha watengenezaji kubuni kufuli bora.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha lugha Paris, alichapisha masharti ya msimbo unaofaa kwa jeshi. Sharti lililopata umaarufu ni kwamba mfumo haupaswi kuhitaji kuwa siri, na kwamba ukiangukia mikononi mwa adui pasiwe na madhara. Kinachotakiwa kuwa siri ni ufunguo tu, nao uwe rahisi kubadilishwa. Ni jambo la kutajwa katika kongamano la wanaisimu kwamba kanuni hii, ambayo leo ni msingi wa usalama wa kompyuta duniani, ilitungwa na mwalimu wa lugha. Mwaka 1949 Claude Shannon aliipa taaluma hiyo msingi wa hisabati. Alitofautisha wazi mifumo ya kuficha kuwepo kwa ujumbe na mifumo ya kusimba, akaiweka ya kwanza kando kwa kuiona kuwa zaidi ni suala la saikolojia. Aliyejificha analazimika kukisia mawazo ya anayemtafuta. Mwenye kufuli anaweza kukadiria kwa hesabu ni funguo ngapi ambazo adui atalazimika kuzijaribu.

Afrika Mashariki ilishuhudia kwa karibu udhaifu wa kufunga. Mwaka 1942, baada ya mashambulizi ya Wajapani dhidi ya Colombo, wavunja misimbo wa Kiingereza walihamishiwa Kilindini, Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Kati ya misimbo waliyoishughulikia ulikuwepo JN-40, uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Hakuna aliyeficha kwamba ujumbe unatumwa. Redio za Mombasa ziliunasa hewani. Kosa la Wajapani katika matumizi ya msimbo huo liliwapa Waingereza mwanya, na kufikia Novemba 1942 waliweza kusoma ujumbe uliokuwa umerundikana na ule uliokuwa ukiingia. Kufuli halikuvunjwa kwa sababu liligunduliwa, kwa kuwa lilijulikana tangu mwanzo. Lilivunjwa kwa sababu ya walioshika funguo.

Historia hizi mbili zinatoa kigezo cha uchaguzi. Kuficha hushindwa mara moja na kabisa, siku ya kugunduliwa. Kufunga hushindwa ufunguo unapokuwa mfupi mno, unapokadirika, au unapotumiwa ovyo. Kushindwa kwa namna ya pili kunaweza kupimwa mapema na kurekebishwa baadaye. Kwa namna ya kwanza, mwenye siri huenda asijue hata kwamba ameshagunduliwa.

5.0 Magari ya Gatsata kama Uwanja wa Majaribio

Kwa nini turudi gereji? Kwa sababu gari linaweka wazi sharti gumu la usalama wa programu, yaani kwamba adui anacho kitu chenyewe mkononi. Mjumbe wa Histiaeus alipita mbele ya mlinzi kwa dakika chache. Kompyuta ya gari inaweza kung'olewa, kununuliwa miongoni mwa spea kuukuu, kuwekwa mezani na kuchunguzwa mwaka mzima. Ndivyo ilivyo pia kwa programu ya simu: nakala yake imo katika mfuko wa kila aliyeipakua.

Umoja wa Ulaya ulidai mifumo ya kielektroniki ya kuzuia gari kuwaka katika magari mapya tangu mwaka 1998, na watengenezaji wengi walitumia chipu ambazo kanuni zake za usimbaji hazikuchapishwa. Walifunga, kisha wakategemea kuficha aina ya kufuli. Matokeo yako katika kumbukumbu za taaluma. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA waliifunua kanuni ya chipu ya DST iliyotumiwa katika magari ya Ford, ambayo ufunguo wake ulikuwa na biti 40, yaani takriban funguo trilioni 1.1. Idadi hiyo ni kubwa kwa binadamu na ndogo kwa kompyuta.

Mfano wa pili ni chipu ya Megamos. Watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Radboud waliipata kanuni yake ndani ya programu ya kifaa cha kuhudumia funguo za magari kilichokuwa kikiuzwa sokoni tangu 2009. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Uingereza, kwa maombi ya Volkswagen na wenzake, ilizuia utafiti huo usichapishwe. Ulichapishwa mwaka 2015 baada ya sentensi moja kuondolewa. Yeyote aliyekuwa na fedha za kununua kifaa kile alikuwa tayari na siri hiyo. Waliozuiwa kuisoma kwa miaka 2 walikuwa wamiliki wa magari na watafiti. Rwanda haiko mbali na habari hizi; mwaka 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari Kigali.

Mfano wa tatu ulichapishwa mwaka 2020 na watafiti wa KU Leuven na Birmingham kuhusu chipu ya DST80, yenye nafasi ya ufunguo wa biti 80. Walikuta kwamba katika magari kadhaa ya Toyota, yakiwemo matoleo ya Corolla na RAV4, majina yasiyo mageni katika barabara za Kigali, ufunguo ulitokana na namba ya utambulisho ambayo chipu yenyewe huitangaza kwa kifaa chochote kinachoiuliza. Katika baadhi ya magari ya Kia na Hyundai, ni biti 24 tu zilizokuwa za kubahatisha. Kufuli lilikuwa la kisasa, lakini ufunguo ulitengenezwa kwa njia ambayo ulinzi wake ulikuwa ni kutojulikana. Siku njia ilipojulikana, biti 80 zilibaki jina.

Hapa ndipo hali ya fundi inapoingia katika mjadala wa sera. Pale mtengenezaji anapotegemea kuficha kanuni, hana namna ya kumruhusu fundi mwaminifu bila kumwonyesha siri yote. Kwa hiyo humnyima. Fundi wa gereji ya kawaida anayeletewa gari lililopotezewa ufunguo hubaki na njia mbili, kumrudisha mteja kwa wakala wa kiwanda kwa gharama kubwa, au kutafuta kifaa kisichojulikana kimetoka wapi. Njia ya pili ndiyo ileile anayoifuata mwizi, kwa hiyo sheria na jamii hushindwa kuwatenganisha. Pale ulinzi unapotegemea ufunguo na kanuni iko wazi, ruhusa inaweza kutolewa kwa fundi aliyesajiliwa, kwa gari moja, kwa muda maalumu, na kuondolewa baadaye. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha kwa kura ya wananchi mwaka 2012 haki ya mafundi huru kupata taarifa za matengenezo, na Umoja wa Ulaya uliiweka haki kama hiyo katika kanuni yake ya 2018 kuhusu magari. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo magari mengi huhudumiwa nje ya mawakala wa viwanda, zina sababu zaidi ya kulijadili jambo hili.

6.0 Kutoka Gari hadi Programu kwa Ujumla

Yaliyotokea katika magari yametokea kila mahali ambapo programu imekabidhiwa mtumiaji ikiwa na siri tumboni. Mwaka 1999 ulinzi wa diski za DVD uliporomoka baada ya ufunguo kupatikana ndani ya programu moja ya kuzichezea. Mtaalamu anayeficha nywila ya hifadhidata ndani ya programu ya simu, akitumaini kwamba hakuna atakayeifungua, ameweka swichi chini ya kiti.

Kwa upande mwingine, kufunga kwa uwazi kumeonyesha uimara wake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipohitaji msimbo mpya mwaka 1997, ilitangaza shindano la wazi. Mapendekezo 15 yalikubaliwa kuingia, yakashambuliwa hadharani na wataalamu wa dunia nzima, na Rijndael, kazi ya Wabelgiji wawili, ikatangazwa kuwa kiwango cha AES mwaka 2001. Kila mstari wa kanuni hiyo unaweza kusomwa na adui, na bado inalinda malipo na mawasiliano hadi leo.

Je, kuficha kumebakiwa na kazi? Kazi ipo. Mwandishi wa habari katika nchi ambako kuwa na ujumbe uliosimbwa tu ni kosa anahitaji kufunika kuwepo kwake. Mmiliki wa picha au hati huweza kupachika alama isiyoonekana ili nakala iliyovuja ijulikane ilikotoka. Wahalifu nao wanajua kazi hiyo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu huria ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri uliositiriwa ndani ya faili za majaribio. Kilichomshtua kilikuwa kuchelewa kwa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia katika kompyuta kwa mbali.

Tukio hilo lina funzo ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Aliyeusitiri mlango huo hakuutegemea usitiri peke yake. Aliufunga pia kwa kriptografia, hivi kwamba ni mwenye ufunguo wake pekee angeweza kuutumia. Maficho yalipofichuliwa, yalikwisha palepale, na dunia nzima ikaonyeshwa mlango ulipo. Kufuli lake lilibaki. Waliousoma mlango ule mstari kwa mstari bado hawakuweza kuupitia. Mshambuliaji mwenyewe, katika jambo lililomhusu, alijua ni ulinzi upi wa kutegemewa baada ya kugunduliwa. Hakuna sababu kwa wizara au benki kujiwekea kiwango cha chini kuliko cha mvamizi wake.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyopitiwa haisemi kwamba kuficha ni upuuzi. Fumbo liliwafaa Waswahili, na ubwiru uliwafaa Wanyarwanda pale penye watu wachache, viapo na kumbukumbu ya kichwani. Programu haina sifa hizo. Hunakiliwa kwa maelfu, huuzwa kwa wasiojulikana, na hukaa mikononi mwa anayetaka kuichunguza. Katika mazingira hayo kufunga kuwe nguzo, na kuficha kuwe pazia la ziada panapohitajika. Vinapotumika pamoja, ujumbe usimbwe kwanza, kisha usitiriwe, ili pazia likianguka mlango uwe bado umefungwa.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, zabuni za programu za serikali ziulize maswali ya wazi: adui akiipata nakala nzima ya programu pamoja na maelezo yake, ni kipi kitakachobaki siri? Siri hiyo inaweza kubadilishwa kwa muda gani na kwa gharama gani? Nani anashika funguo, na akiondoka kazini zinafanywaje? Mtoa huduma asiyeweza kujibu swali la kwanza ila kwa kusema kwamba maelezo ni siri ya kampuni, ameshalijibu.

Pili, sera za ufundi wa magari na vifaa vya kielektroniki zitake ulinzi unaoruhusu ruhusa kutolewa na kuondolewa. Fundi wa Gatsata aingie kwa mlango unaojulikana, kwa jina lake, na kumbukumbu ibaki.

Tatu, istilahi irekebishwe. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda taarifa. Rwanda ilipata sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na Tanzania imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hakimu atakayesoma kwamba data ilipaswa "kusimbwa fiche" anaweza kuridhika na ushahidi kwamba ilifichwa. Inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na BAKITA, BAKIZA na vyombo vya lugha vya nchi wanachama, itumie usimbaji pekee kwa ulinzi wa ufunguo, na usitiri kwa kuficha kuwepo kwa ujumbe, na kuacha neno fiche lirudi katika matumizi yake ya kawaida. Badiliko hilo ni dogo katika kamusi. Katika mkataba au hukumu, linaweza kuwa tofauti kati ya taarifa za wagonjwa zilizofungwa kwa ufunguo na zile zilizowekwa tu mahali ambapo bado hakuna aliyepatazama.